Ombi namba 41: lita 5 za esansi

Watu wakiniuliza kwa nini siku ile ofisi yetu ilizimika mgeni akiwa kwenye ngazi, nasema ilikuwa delestaji, ule mgao wa umeme. Wananipa pole, mambo yanaisha. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hakuna anayebishana na delestaji. Lakini ukweli ni kwamba delestaji ilifanya nusu tu ya kazi. Nusu iliyobaki niliifanya mimi, kwa alama ya kujumlisha.

Tuko watu saba, ghorofa ya pili, upande wa Nyawera, na kazi yetu ni kuandika programu: ya duka la dawa, ya shule, ya mzee mmoja anayeuza mabati na hataki kulala kabla ya kujua nani ana deni lake. Zamani kazi ilikuwa inaingia kwa mdomo. Mteja anamkamata bosi kwenye matanga, anamnong'oneza kwamba programu haijumlishi vizuri, na kesho yake bosi anasimama mlangoni anapiga kelele: "Ile kintu ya mabati, muitengeneze!" Ukiinua kichwa kuuliza kintu gani, ameshaondoka.

Baadaye tukajaribu ukuta wa kadi, kanban, ile iliyozaliwa viwandani kwa Toyota chini ya mzee Taiichi Ohno kabla watu wa kompyuta hawajaiazima. Safu tatu: Ya kufanya, Inafanyika, Imekwisha. Sheria yake kubwa ni kwamba safu ya katikati ina kikomo. Ikijaa, kadi mpya haiingii mpaka nyingine itoke. Sisi tulikubaliana tatu. Wiki mbili baadaye nilihesabu kumi na moja. Bosi akasema zile nane ni za dharura, na dharura haihesabiwi. Mjadala uliamuliwa na upepo wa ziwa. Jioni moja dirisha lilifunguka, na kesho yake kadi yetu ya duka la dawa nilinunua mimi mwenyewe pale chini, mama muuza mandazi amenifungia nayo mawili.

Ndipo bosi akaenda mafunzoni Kigali siku tatu, akarudi na neno "mchakato." Kila sentensi ilikuwa na mchakato ndani, kama chumvi kwenye sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Sheria ikatangazwa: hakuna tena kuomba kitu kwa mdomo. Kazi ya mteja, likizo, sukari ya chai, karatasi ya chooni, esansi (yaani petroli) ya grupu, jenereta yetu, vyote vipite kwenye mashine. "Kisicho na namba," alisema, "hakipo."

Mimi ndiye niliyepewa kuichora hiyo mashine. Nilikesha siku mbili nikijifunza BPMN, lugha ya kuchora michakato. Toleo linalotumika sana, la 2.0, lilitoka mwaka 2011. Ni lugha nzuri, sitaisema vibaya. Duara ni mwanzo, mstatili ni kazi ya mtu, na almasi ni mlango ambapo njia inagawanyika au inakutana. Ndani yake hebu fikiria kitone kinachotembea, hatua kwa hatua, kama abiria mwenye tiketi. Wazo la vitone ni la zamani: Mjerumani Carl Adam Petri aliyawekea msingi mambo ya aina hii kwenye tasnifu yake ya mwaka 1962.

Sasa siri yote iko kwenye almasi. Yenye X ndani ni njia panda: ukishika ya Kadutu, hukushika ya Panzi. Yenye alama ya kujumlisha ni mama anayetuma watoto: mmoja akachote maji, mwingine akanunue sambaza, wote waende kwa pamoja, na mama hawashi moto mpaka wote wawili warudi. Hapo hakuna kuchagua. Hata ukiandika pembeni "kama ndiyo" na "kama hapana," alama ya kujumlisha haisomi. Inatuma wote.

Mchoro wangu ulikuwa na almasi sita, zote X. Niliuchapa kwenye karatasi kubwa, nikaubandika ukutani, nikamwita bosi.

Aliuangalia muda mrefu.

"Hizi X ni za nini?"

"Ni milango, Patro."

"Mtoto wa shule akiwekewa X, amefanya nini?"

"Amekosa."

"Na unataka mteja aingie hapa aone tumekosa mara sita?"

Nikajaribu kueleza habari za Kadutu na Panzi. Hakusikia. Alishika kipanya mwenyewe, akafungua orodha ya alama, akaona ile ya kujumlisha. "Weka huu msalaba. Msalaba ni kitu kizuri."

Hapo ndipo siwezi kumsingizia mtu. Nilijua. Nilijua kabisa kwamba msalaba ule si pambo. Lakini ilikuwa tarehe 27 ya mwezi, na tarehe 27 mtu mwenye akili habishani na anayetia sahihi ya mshahara. Nikaweka misalaba sita, nikachapa karatasi upya, tukapiga nayo picha.

Wa kwanza kuonja alikuwa Mama wa duka la dawa. Aliomba tumwongezee ukurasa wa dawa zinazokaribia kupitwa na tarehe. Bosi akabonyeza "Nakubali." Saa tatu na dakika kumi na mbili Mama akapata ujumbe kwamba ombi lake limekubaliwa kwa furaha. Saa hiyohiyo, dakika hiyohiyo, akapata mwingine kwamba tunasikitika ombi lake limekataliwa.

Alikuja mwenyewe, kwa miguu, ametoa jasho, akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa.

"Mutoto wangu, munanikubali ao munanikatala?"

"Tumekukubali, Mama."

"Na hii ya pili, ju ya nini?"

Kabla sijajibu akatoa bahasha ndogo mkobani na kuisukuma chini ya kibodi yangu, polepole, huku akiangalia dirishani. Mama wa watu alikuwa ameshaelewa kwa namna yake. Miaka yote aliyoishi katika mji huu, karatasi mbili zinazopingana zilikuwa na maana moja tu: kuna mtu anataka matabishi, hongo ndogo, ili moja ishinde nyingine. Nilimrudishia bahasha. Hapo ndipo alipoogopa kweli. "Haitoshi?" akauliza.

Jioni ile, ofisi ikiwa tupu, nikarudisha X kwenye mlango wa kugawanya. Mmoja tu, ule wa maombi. Nikatuma ombi la majaribio, barua moja ikatoka, si mbili. Nikafunga kompyuta, nikaenda kula bugali na sombe kama mtu aliyeshinda kesi.

Msomaji aliyekuwa makini na yule mama wa watoto ameshaona nilichosahau. Mimi nilikuja kukiona Alhamisi.

Alhamisi saa tano alikuwa anakuja Padiri mmoja anayeshika mfuko wa shule, kuangalia programu ya karo tuliyomtengenezea. Saa nne na nusu, umeme ukaenda. Wetu unatoka Ruzizi, mto unaotoka ziwani kwetu, na mitambo ya kituo cha kwanza ilianza kuzunguka mwishoni mwa miaka ya 1950. Kila mzee hapa ana maelezo yake kuhusu kwa nini haitutoshi, na yote ni marefu. Sentineli, mlinzi wetu, akawasha grupu, akapanda ngazi kuniambia: "Ndugu, iko na nusu saa. Labda na dakika tano."

Nikaandika ombi namba 41: lita 5 za esansi.

Bosi alikuwa chumba cha pili. Kati yetu kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba hivi kwamba nilisikia akipuliza chai. Lakini sheria ni sheria: mdomo umefungwa. Nilibonyeza "Tuma," nikasikia simu yake ikilia ng'ambo, nikamsikia akisema "mm," kisha kwenye skrini yangu ikaja kijani: Imekubaliwa.

Nikamgeukia Yaya mhasibu. Huyu ni dada mwenye miwani na kalamu nne, ambaye hajawahi kutoa faranga mia bila kuona kitu kimeandikwa.

"Yaya, namba 41."

"Kwangu haijafika."

"Bosi ameshakubali."

"Kwangu haijafika."

Alinigeuzia skrini yake. Kweli, tupu. Halafu akaongeza, kwa upole: "Hata 38 haijafika, ya sukari. Na 39. Na 40." Tangu Jumatatu hakuna ombi lililomfikia, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu watu wote walidhani ni ubahili wake wa kawaida. Yeye alidhani hatimaye tumejifunza kutoomba-omba.

Nikafungua mchoro, mikono inatetemeka. Vitone vinne, 38 mpaka 41, vimepanga mstari mbele ya almasi ya pili, ile ya kukutania, ile ambayo bado ilikuwa na msalaba. Mlango wa kugawanya, sasa ukiwa X, ulikuwa unatuma mtoto mmoja tu. Mama akabaki jikoni anasubiri wawili. Barua ya kukubali imefika, imekaa, inasubiri ndugu yake barua ya kukataa, ambaye hakutumwa na hatatumwa kamwe. Wenye kitabu wana jina la ugonjwa huu, kukwama kwa kusubiriana, na ni kosa la somo la kwanza.

Dakika kumi na nane.

Nikaweka X kwenye mlango wa pili, nikapandisha mchoro mpya kwenye seva, yaani kompyuta kuukuu iliyo chini ya meza yangu inayokula umeme wa grupu. Ikakubali. Nikamtazama Yaya.

"Bado."

Ah! Nilisahau jambo jingine. Mashine za aina hii zina uaminifu wa ajabu: ombi lililokwisha kuanza safari linaimaliza kwa mchoro lililoanza nao. Mchoro mpya ni wa wanaoanza leo. Kwa hiyo 41 itaendelea kusimama kwenye msalaba wake, na njia ya haraka ni kuandika ombi jipya.

Dakika kumi na moja. Ombi namba 42: lita 5 za esansi.

Simu ikalia ng'ambo ya ukuta. Kimya. Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani. Kisha sauti ya bosi, ambaye kwa sheria yake mwenyewe hakuruhusiwa kuniambia kitu, akawa anajiambia kwa nguvu ili nisikie: "Lita tano nimekubali. Sasa tano zingine? Banataka kunila mara mbili!"

Akabonyeza "Nakataa."

Na hapo, ndugu zangu, kwa mara ya kwanza tangu ulipozaliwa, mchakato ule ulifanya kazi bila kasoro. Kitone kilitoka, kikafika njia panda, kikachagua njia moja, kikapita mlango wa pili bila kusubiri mtu, kikatua kwa mhasibu. Yaya akarekebisha miwani. "Hii imefika," akasema. Simu yangu ikatetemeka: Tunasikitika kukuarifu. Herufi zote mahali pake, mpaka nukta. Ningekuwa na muda ningeipenda.

Grupu likakohoa mara mbili, likanyamaza. Skrini zikafa moja baada ya nyingine, na katika ule ukimya tukasikia viatu vya Padiri vikipanda ngazi.

Aliingia, akasalimu, akaketi kwenye nusu giza kwa ustaarabu wa mtu aliyezoea kungoja. Macho yake yakaenda ukutani, kwenye karatasi yetu kubwa. Akainuka akasogea karibu, akahesabu kwa kidole.

"Naona misalaba sita," akasema. "Ni nani mmemzika hapa?"

Bosi alikuwa ametoka chumbani kwake na kikombe bado mkononi. Akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia mama wa mandazi kule chini. Hapo Yaya mhasibu akafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa miaka mitatu: akafungua mkoba wake mwenyewe, akatoa pesa yake mwenyewe, akamwita sentineli dirishani: "Kimbia kwa kadafi!" Tulimwona akikatiza barabara na bidoni la njano, akibishana na kadafi, muuza esansi wa barabarani, kuhusu kipimo, akirudi mbio huku esansi inamdondokea kwenye suruali. Dakika tisa nzima, kutoka kuomba mpaka kuwaka.

Padiri aliiona programu yake. Aliuliza maswali mawili, yote kuhusu risiti, akaahidi kurudi. Kabla ya kuondoka aliomba picha ya karatasi ya ukutani. Sikuuliza ya nini.

Mchana bosi akatangaza kwamba pesa ya Yaya lazima irudishwe leo hii, na kwa utaratibu. Yaya akaandika ombi namba 43. Bosi akakubali palepale. Kitone kikapita milango yote miwili bila kusimama, kikafika kwenye meza ya mhasibu, yaani yeye. Akaisoma tangu juu hadi chini kama hajawahi kuiona. Akageuza karatasi nyuma. Akatafuta faktire, yaani ankara, ya kadafi, na kadafi hajawahi kumpa mtu faktire tangu dunia iumbwe.

Akashika kalamu nyekundu, akaandika "Haina faktire," akajirudishia.