Utambo Bila Ndoo: Mapambo ya Vyombo vya Kirumi na Mzozo wa Kuyaokota

Mabishano kuhusu vitu vya kale vinavyookotwa mashambani huko England na Wales na watu wa ridhaa wenye vitambua metali huendeshwa zaidi kwa mifano ya dhahabu na fedha, kana kwamba thamani ya kitu ndiyo inayoleta ugomvi. Nadhani mfano unaofundisha zaidi ni kitu kinyonge kuliko hivyo: kichwa cha fahali au uso wa Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki mwenye nywele za nyoka, kikubwa kama kidole gumba tu, kilichosubiwa kwa shaba iliyochanganywa na bati. Zamani za Warumi kilibandikwa kwenye ukingo wa ndoo au ubavuni mwa birika, na mara nyingi juu yake kulikuwa na pete au tundu la kupitishia utambo. Ndoo imetoweka, utambo umetoweka, na kilichobaki ni uso unaomtazama mkulima kutoka kwenye matuta.

Kubaki kwake peke yake si ajabu. Mwili wa chombo ulifuliwa kwa nyundo hadi ukawa mwembamba, lakini mapambo yalichongwa kwanza kwa nta, yakatengenezewa kalibu, kisha yakamiminwa shaba, yakatoka mazito na imara. Vipande hivyo viwili viliunganishwa kwa lehemu ya risasi na bati, ambayo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Lehemu ilipoachia, pambo lilidondoka. Mwili mwembamba uliliwa na kutu au ulirudishwa tanuruni ukayeyushwa upya. Kama isingekuwa Pompeii, mji uliofukiwa na mlipuko wa Vesuvius mwaka 79, ambako vyombo vimekutwa vizima vikiwa na vishikio na nyuso zake mahali pake, nyingi za sura hizi tungezibishania kama ni za ndoo, za sanduku, za kitanda au za lijamu ya farasi. Mabishano hayo hayajakwisha hata leo.

Sheria kwa upande wake ina macho ya mfanyabiashara. Sheria ya Hazina (Treasure Act) ya mwaka 1996, inayoamua ni vitu gani vilivyookotwa lazima viripotiwe ili makumbusho yapate nafasi ya kuvichukua, hulenga hasa dhahabu na fedha, pamoja na sarafu zilizozikwa pamoja. Baadaye, mwaka 2003, iliongezewa mikusanyiko ya metali duni, lakini ya kabla ya historia tu. Kwa hiyo shaba ya Kirumi ilibaki nje. Ndiyo maana kofia ya chuma ya sherehe ya Crosby Garrett, iliyopatikana Cumbria mwaka 2010 ikiwa vipande vipande, ambayo licha ya jina lake la kivita ilikuwa ya aloi ya shaba, iliunganishwa na fundi wa mnada kabla wanaakiolojia hawajapata nafasi ya kuichunguza ipasavyo, kisha ikauzwa kwa zaidi ya pauni milioni 2.2 kwa mnunuzi binafsi. Marekebisho ya mwaka 2023 yaliongeza vitu vya metali vyenye umri wa miaka 200 au zaidi vilivyo na umuhimu wa kipekee. Kofia ile ingepita mlango huo. Kichwa cha fahali cha ndoo, ambacho kina ndugu wengi wa kufanana nacho, hakitapita.

Wanaopinga utafutaji wa ridhaa wanayo hoja nzito, kwamba kitu kikichimbuliwa ovyo habari zake hupotea, na mfano unaoidhihirisha vizuri kuliko yote umetoka kwa watafutaji wenyewe. Mwaka 2014, karibu na Pewsey katika Wiltshire, watafutaji wenye vitambua metali walichimbua mkusanyiko wa vyombo vya shaba vya mwisho wa enzi ya Kirumi. Kwa bahati hawakuviosha. Ndani yake, mahali ambapo kutu ya shaba ilikuwa imezuia uozo, kulikuwa na mabaki ya mimea na maua yaliyotumika kuvifungasha, na mimea hiyo ndiyo iliyowawezesha wataalamu kukadiria majira ya mwaka vilipozikwa na kuvipima umri kwa kaboni. Laiti mtu angevipeleka kwenye sinki na brashi jioni ile ile, tungekuwa na vyombo vizuri visivyo na habari. Ni bakuli ngapi zimeoshwa namna hiyo kabla yake, hakuna anayeweza kuhesabu.

Lakini upande wa pili hauwezi kupuuzwa kwa kusema tu kwamba ni watu wa kutafuta faida. Jamhuri ya Ireland, tangu sheria yake ya mwaka 1987, imekataza kutafuta vitu vya kale kwa vitambua metali bila kibali cha maandishi, na kwa kuzilinda tabaka za udongo wa chini ambazo hazijavurugwa msimamo huo una mantiki. Hata hivyo, plau haiombi kibali. Kipande kilichokwisha kuingia katika udongo unaolimwa kimepoteza tabaka lake, hugongwa kila msimu, na mbolea za viwandani huharakisha kutu. Hakuna taasisi itakayotuma wanaakiolojia kupekua shamba la ngano kwa ajili ya lehemu iliyoachia. Wanaofanya kazi hiyo ni watu wa ridhaa, siku ya mapumziko, mara nyingi kwenye baridi ya kutisha. Wanaakiolojia wa Norfolk walilitambua hilo mapema, wakaanza kushirikiana nao tangu miaka ya 1970, wakati wenzao wengi walikuwa wakijiandaa kwa kampeni ya kuwapinga. Mpango wa Portable Antiquities Scheme, ulioanza mwaka 1997 na ambao husajili vitu kwa hiari kisha kumrudishia aliyeviokota, sasa una kumbukumbu za vitu zaidi ya milioni 1.5.

Ukweli ni kwamba hoja ya plau huvutwa kupita mpaka wake. Inafaa kwa pambo lililodondoka. Haifai kwa mkusanyiko uliozikwa kwa makusudi kama ule wa Pewsey. Mtafutaji mwenye busara anayesikia mlio mkubwa usiokoma huacha kuchimba na kupiga simu. Wengine huendelea, na hiyari haiwezi kuwazuia.

Kwa hiyo sioni faida ya kugombania nani akae na uso wa Medusa. Kwa kipande ambacho kimekwisha kupoteza chombo chake, elimu yote iliyobaki iko katika mahali kilipolala. Mwenye shamba na aliyekiokota wakikiuza, hasara ni ndogo. Wakikiuza bila kuandikisha mahali, kimekwisha. Ningefanya uandikishaji wa mahali kuwa wa lazima kwa kila pambo la Kirumi kabla ya kuuzwa, na umiliki ningeuacha ulivyo. Najua jibu la wasajili: maofisa ni wachache na foleni ni ndefu, na kulazimisha kunaweza kuwafukuza hata wanaokuja kwa hiari. Basi tuanze na kidogo. Namba ya ramani yenye tarakimu sita huonyesha mraba wa mita 100 kwa 100, ambao unaweza kumeza jiko la nyumba ya tajiri pamoja na hekalu la jirani. Ya tarakimu nane huonyesha mita 10 kwa 10, na simu iliyo mfukoni mwa mtafutaji huitoa bure. Ndoo ya jikoni na ndoo ya kafara zingeweza kuvaa kichwa kile kile cha fahali.