Saa Mbili Kamili

Wiki 3 nzima niliisengenya modeli ya hali ya hewa isiyo na kosa, tena kwa grafu za rangi.

Kazi ilikuwa kulinganisha upepo wa modeli ya WRF, programu ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa, na ule unaopimwa na mlingoti wetu: vikombe vinavyozunguka kwenye mita 10, 40, 60 na 80, wastani ukiandikwa kila dakika 10. Kabla ya hapo kirekodi data kilikuwa kimezimika. Nikampigia simu fundi aliyekuwa chini ya mlingoti, akabadilisha betri, tukaiweka sawa saa ya kirekodi, tukaagana. Dakika mbili hazikufika.

Nikachora. Kiroja! Mchana ardhi ikipata moto, hewa hukorogeka, na upepo wa mita 10 hukaribiana na wa mita 80. Usiku ardhi hupoa, hewa hutulia kwa matabaka, upepo wa chini husinzia na wa juu hukimbia. Modeli ilikuwa inalijua hilo vizuri. Mlingoti wangu ulisema hewa huanza kukorogeka saa nane usiku, na ikifika adhuhuri imeshatulia!

Mwenye akili zake angeshuku kipimo. Mimi nilishuku modeli, maana mshukiwa huyo ana mafaili yake: modeli nyingi hujulikana kwa kuikoroga mno hewa ya usiku. Nikabadilisha njia ya kukokotoa tabaka la chini la hewa. Nikaanza na njia iitwayo YSU, nikahamia MYJ, nikaishia MYNN, kompyuta ikiunguruma usiku na mchana. Zote 3 zikaelewana zenyewe kwa zenyewe, zikanikana mimi. Nikaziandika kuwa zimekula njama. Saa za modeli nilikuwa nimezigeuza kutoka UTC, yaani saa ya kimataifa, kuwa saa za kwetu, nikazikagua mara 4, na kila mara nikajipongeza.

Siku ya kikao nikapanda na slaidi yenye kichwa "Modeli Haiaminiki Usiku". Ili kuonyesha usafi wa data yangu, nikatandaza jedwali zima ukutani. Fundi, aliyeketi nyuma kabisa, akanyosha mkono.

"Bosi, ile safu ya mwisho ni ya nini?"

"Joto, Fundi. Leo hatuna habari nalo." Ukweli ni kwamba sikuwahi hata kulichora.

"Sawa, bosi. Ila naona baridi kali inaingia saa sita usiku, halafu joto kali saa mbili na nusu asubuhi."

Ukumbi ukanyamaza. Mtu mmoja akauliza kwa upole, ule upole unaouma, kama huko kwenye mlingoti wangu jua huchomoza usiku wa manane.

Jasho likanitoka. "Fundi, siku ile uliweka saa ngapi?"

"Saa mbili kamili, bosi, kama ulivyoniambia. Nikakuuliza, 'Mbili?' Ukasema, 'Mbili, Fundi, usinipotezee muda.' Nikaandika 02:00."

"Lakini ilikuwa asubuhi!"

"Asubuhi ndiyo. Na mbili ni mbili."

Nikaongeza saa 6 kwenye data yote. Mstari mmoja tu wa programu, baada ya wiki 3 za kashfa. Mikunjo ya grafu ikalaliana kama shuka na godoro. Usiku, kwenye mita 80, modeli ilibaki na upepo dhaifu kidogo kuliko mlingoti, na sikufichi, nilifurahi kuiona ile tofauti. Walau nilikuwa nimemsingizia mwizi wa mayai kwamba kaiba ng'ombe.

Juzi betri imekufa tena. Fundi akapiga mwenyewe, asubuhi ileile.

"Bosi, niweke saa ngapi?"

Safari hii nilijiandaa. "Weka nane, Fundi. Sifuri nane."

Kimya kidogo kwenye simu.

"Nane ya mchana au ya usiku?"