Kabla kaunti haijatoa kibali cha uwanja wa mbio za magari

Kila inaposikika kwamba kaunti fulani nyumbani Kenya inafikiria kuruhusu uwanja wa mbio za magari, simu zetu sisi tunaoishi Uingereza hazitulii. Wengi hushangilia, na ninawaelewa. Tumelelewa na Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953. Yaliondoka kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002, na yaliporejea Naivasha mwaka 2021, hata tulio mbali tulikuwa macho kwenye simu kutwa nzima. Mimi pia nataka uwanja ujengwe. Lakini nimeishi miaka kadhaa jirani na uwanja wa namna hiyo huku, na nina jambo la kuwaomba wanaoshika kalamu ya kusaini kibali.

Rali hupita. Inatimua vumbi siku chache, wageni wanajaa hotelini, kisha inafunga virago. Uwanja haupiti. Utakuwepo Jumatatu, utakuwepo wakati watoto wanafanya mitihani, utakuwepo jirani yako akiwa na msiba. Na siku za mashindano yenyewe, zile za tiketi na mashabiki, ni chache mno kwa mwaka kiasi kwamba hakuna mwekezaji anayeweza kuishi kwa hizo pekee. Fedha nyingi hupatikana siku za kawaida, uwanja unapokodishwa: watu binafsi wanaleta magari na pikipiki zao, wanalipa, wanazunguka wapendavyo. Nakumbuka Jumatano moja ambapo kulikuwa na gari moja tu uwanjani. Sauti inapanda kwenye sehemu iliyonyooka, inakatika dereva anapofunga breki kuingia kona, inapanda tena. Baada ya nusu saa nilikuwa nimeshajua mzunguko mmoja unachukua muda gani, na masikio yakawa yanausubiri ule unaofuata kabla haujafika. Mashindano ya Jumapili hayachoshi namna hiyo, kwa sababu unajua yataisha saa ngapi.

Ndiyo maana swali la kwanza huku si kama uwanja uruhusiwe au usiruhusiwe. Swali ni siku ngapi, za kelele ya kiwango gani. Uwanja wa Croft, huko North Yorkshire, ulikuwa uwanja wa ndege za kivita wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kama vilivyokuwa viwanja vingine vingi vya mbio nchini humu, Silverstone ikiwemo. Mwaka 1998 ulipata ruhusa iliyogawa siku za mwaka katika makundi kulingana na ukubwa wa kelele. Hata hivyo majirani wakaona siku zile ni nyingi mno, wakaenda mahakamani. Jaji wa kwanza aliwapa fidia bila kuzuia chochote. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa ikaenda mbali zaidi: siku za kelele kubwa zisizidi 40 kwa mwaka.

Kesi nyingine ndiyo ningependa kila ofisi ya mipango ya ardhi nyumbani iisome. Ni ya uwanja wa Mildenhall, Suffolk, uliopata kibali chake mwaka 1975. Mwaka 2006 watu wawili walinunua nyumba karibu na hapo, wakakuta kelele hazivumiliki, wakashtaki. Utetezi ulikuwa ule ambao sote tungeutoa: sisi tulikuwepo kabla yenu, na kibali cha serikali ya mtaa tunacho. Shauri lilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2014 majaji wakaamua kwamba kibali cha kujenga hakimwondolei jirani haki yake ya kutosumbuliwa nyumbani kwake, na kwamba kuhamia karibu na kero hakukufungi mdomo. Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi wa Uingereza, lakini hutumia maamuzi ya aina hiyo kama mwongozo. Kaunti inayomwambia mwekezaji kwamba karatasi yake ni kinga inamdanganya, na inawadanganya wananchi.

Nikilinganisha, kisheria Kenya haiko nyuma hata kidogo. Katiba ya 2010, ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inakuruhusu kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo bila hata kuonyesha kwamba kuna mtu aliyekwisha kupata hasara. Majirani wa Croft hawakuwa na kitu kama hicho. Walilazimika kuthibitisha usumbufu wao mmoja mmoja. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inairuhusu kaunti kutoa kibali chenye masharti, na asiyeridhika ana siku 14 za kukata rufaa. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinasema kwamba nje ya nyumba za makazi kelele isizidi desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wenyewe unaanza saa mbili.

Tufanye hesabu kwa viwango hivyo. Huku, kabla gari halijaruhusiwa kuingia uwanjani, mkaguzi huweka kipima sauti nusu mita kutoka mdomo wa bomba la moshi, kwa pembe ya nyuzi 45, dereva akapandisha kasi ya injini hadi kiwango kilichowekwa. Kikomo ambacho viwanja vingi hutumia ni desibeli 105. Sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Kutoka nusu mita hadi mita 512 umbali umeongezeka maradufu mara kumi, kwa hiyo zinabaki desibeli 45. Gari moja, basi, liko ndani ya kanuni. Weka magari 20 kwenye mstari wa kuanzia na unaongeza takriban desibeli 13. Sasa ni 58, nusu kilomita kutoka uwanjani, mahali tambarare, bila upepo kuibeba sauti, na magari yale kwenye mashindano hunguruma kuliko yalivyonguruma kwenye kipimo. Mtu yeyote anayewaambia wakazi kwamba mita 500 zinatosha hajafanya hesabu hii.

Tofauti kubwa ninayoiona ni namna jirani anavyofikiwa. Uwanja wa karibu nami ulipoomba kubadilishiwa saa za kazi, karatasi ya tangazo, ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowe, ilifungwa kwenye mlingoti wa taa njiani kwetu. Tulikuwa na siku 21 za kuandika maoni, na kila barua iliwekwa kwenye faili la ombi, ambapo yeyote aliweza kuisoma. Siku ya kikao kila msemaji alipewa dakika 3. Mama mmoja mzee alisimama na daftari lake la shule, akasoma tarehe na saa za miezi iliyopita ambapo magari yalizunguka kupita muda ulioruhusiwa. Hakulia wala hakupiga kelele. Diwani aliyekuwa akiongoza akamgeukia mwakilishi wa uwanja, akamwuliza tarehe moja baada ya nyingine, na mwakilishi hakuwa na kumbukumbu zake. Ombi likaahirishwa mpaka alete.

Nyumbani nimekaa kwenye vikao vya kushirikisha umma, na kinachoniuma ni kile kitabu cha mahudhurio. Unaingia, unaandika jina, namba ya kitambulisho na sahihi. Ripoti ya mradi imeandikwa kwa Kiingereza na ina kurasa nyingi. Nakala ni moja, iko mezani kwa afisa. Watu wanasema yao, wengine kwa uchungu. Baadaye orodha ile ya sahihi inaambatishwa kwenye ripoti kama ushahidi kwamba wakazi walishauriwa, na aliyekuja kupinga anahesabiwa pamoja na aliyekuja kuunga mkono. Hilo halihitaji sheria mpya kulirekebisha. Muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, ubandikwe kwa chifu, shuleni na kwenye kituo cha matatu, na nafasi kwenye fomu ya kuandika kama unakubali au unakataa na kwa nini. Afisa mmoja mwenye nia njema anaweza kuifanya kazi hiyo kwa wiki moja.

Ninajua hoja ya vijana, na ni hoja nzito. Wanashindana usiku kwenye baipasi na barabara kuu, katikati ya malori na watu wanaovuka kwa miguu. Uwanja wenye kuta za matairi, gari la wagonjwa na mtu wa kupeperusha bendera nyekundu utaokoa maisha. Kwa sababu hiyo hasa unapaswa kujengwa kwa namna ambayo mahakama haitaufunga mwaka wa tatu.

Na hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi nyumbani kuliko huku. Kaunti itatenga shamba nje ya mji, mahali pasipo na mtu, na kila mmoja ataona tatizo limekwisha. Lami ikifika uwanjani, umeme na maji vitafuata. Mashamba ya pembeni yatakatwa ploti za futi 50 kwa 100, na ofisi ile ile ya mipango iliyotoa kibali cha uwanja ndiyo itakayoidhinisha ugawaji. Miaka kumi baadaye kuna nyumba, zahanati na shule ukutani kwa uwanja, na watu hao wana haki zao zote za ibara ya 42. Siku kibali kinaposainiwa, siku hiyo hiyo ardhi inayouzunguka uwanja iwekwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi kuwa ya kilimo, maghala au gereji, kwa umbali uliopimwa kwa kelele na si kwa kukisia, na wenye mashamba hayo waelezwe mapema wanapoteza nini na watafidiwaje.

Mwekezaji atasema kuhesabiwa siku, kupimwa magari na kuzuiwa usiku kutamfilisi. Basi azionyeshe hesabu zake hadharani. Croft ilibanwa hadi siku 40 za kelele kubwa, na bado ubingwa wa magari ya saluni wa Uingereza unapeleka raundi yake pale, mashabiki wakijaa kingoni mwa uwanja.