Tunachangia maiti kurudi nyumbani, anayelala kwenye gari je?

Ndugu zangu mlioko nyumbani, kila picha za mahema ya barabarani huku Marekani zikisambaa napokea meseji zilezile, eti ni kweli hizo au watu wame-edit. Ni kweli jamani, na si wachache. Januari 2024 serikali yao wenyewe ilihesabu nchi nzima kwa usiku mmoja ikapata watu zaidi ya 770,000 wasio na makazi, idadi kubwa kuliko zote tangu waanze hesabu hizo, na zaidi ya theluthi moja walikuwa hata shelta, yaani mabweni ya kuwalaza, hawamo, wako kwenye mahema, chini ya madaraja, kwenye vituo vya treni na ndani ya magari.

Mkishaamini linafuata la pili: hao si ni wala unga tu na wagonjwa wa akili? Wapo, sikatai, tena wengi wao wanateseka hadharani mpaka unaumia kuangalia. Ila angalieni jambo moja, West Virginia ni kati ya majimbo yaliyoumizwa sana na madawa ya kulevya lakini wanaolala nje kule ni wachache ukilinganisha na California, na tofauti kubwa ni kwamba nyumba West Virginia ni rahisi na California hazishikiki. Mtu mwenye matatizo akiwa na chumba anabaki mtu mwenye matatizo ndani ya chumba chake. Chumba kikipanda bei yeye ndiye wa kwanza kutoka, na nyuma yake anafuata mama mwenye watoto wawili na kazi mbili, hao msiwasahau.

Na kuanguka kwenyewe hakuchukui muda. Unaumwa wiki mbili, mshahara wa saa haupo, kodi inapita tarehe, mwenye nyumba anakupeleka mahakamani na kesi ile inabaki kwenye rekodi yako. Ukitafuta pengine wanataka uonyeshe kipato mara tatu ya kodi, krediti nzuri, yaani rekodi ya kulipa madeni yako vizuri, kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti juu yake. Kuna vocha ya serikali ya kusaidia kodi lakini katika kila familia nne zenye sifa ya kusaidiwa inayopata ni kama moja, zilizobaki ziko kwenye foleni ya miaka au hazipati kabisa.

Sasa kwetu mtu huyohuyo angefanya nini? Angebeba begi aende kwa shangazi yake, hana hata haja ya kupiga simu kwanza. Angelala sebuleni na watoto mwezi, miezi sita, mwaka, na shangazi angenuna wakati mwingine lakini asingemtoa. Mimi naamini kabisa ukitaka kujua kwa nini miji yetu haina mahema kama ya Los Angeles pamoja na umaskini wote ule, jibu liko kwenye sebule za watu, na mzigo huo wanaubeba zaidi akina mama, hakuna takwimu inayowahesabu wala anayewashukuru.

Lakini tusijisifu sana. Asiye na shangazi kwetu ana nini? Mtoto aliyekimbia kipigo, bibi aliyefukuzwa kwa kuitwa mchawi, kijana aliyechanganyikiwa akili ndugu wakamchoka, hao wako wapi usiku? Na mjini vyumba vinazidi kuwa vidogo, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na dalali naye anasubiri chake, hiyo sebule ya kukaribisha mtu inatoka wapi? Undugu unabana kadiri chumba kinavyobana, na sisi hatujajenga kitu cha kuupokea mzigo siku undugu ukishindwa. Tulichonacho ni kukamata ombaomba na kuwarudisha mikoani, kisha wanarudi.

Tena hiyo tabia ya kukamata tumeirithi. Uingereza walitunga sheria ya uzururaji mwaka 1824, wakoloni wakaja na mawazo yake mpaka kwenye sheria zetu za jinai, ndiyo maana hadi leo mtu anaweza kubebwa kwa kosa la kuwa mzururaji, yaani kosa lenyewe ni kuonekana huna pa kwenda. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika pale Arusha ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, na zinatakiwa zirekebishwe au zifutwe. Huku nako Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi ya mji wa Grants Pass, jimbo la Oregon, ikaruhusu miji kumwadhibu mtu anayelala nje hata kama hana kitanda cha kwenda. Kwenye hili nasimama na Arusha.

Nimeona kwa macho adhabu hiyo inavyofanya kazi. Asubuhi moja nikiwa naenda kazini wafanyakazi walikuwa wanasafisha kona yenye mahema kama sita, lori la taka nyuma yao, na baba mmoja wa makamo anawakimbilia akiomba begi lake jeusi. Begi limeshasagwa. Ndani kulikuwa na dawa zake za presha, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, kwenye mfuko wa nailoni alioufunga mara mbili mvua isiingie. Bila kitambulisho huwezi kusaini mkataba wa nyumba, na kupata kipya unatakiwa cheti cha kuzaliwa. Kwa hiyo aliyekuwa hatua mbili kutoka kwenye chumba amerudishwa nyuma miezi kwa ajili ya kusafisha kona ambayo wiki iliyofuata ilikuwa na mahema tena.

Kinachofanya kazi kinajulikana. Finland mwaka 1987 ilikuwa na watu zaidi ya 18,000 wasio na makazi, ilipofika 2023 walikuwa chini ya 4,000. Walichofanya, hasa kuanzia 2008, ni kumpa mtu nyumba kwanza yenye mkataba na ufunguo wake, halafu ndio waongee naye habari za pombe, dawa na kazi, na mabweni ya zamani ya vitanda wakayageuza kuwa nyumba za kupanga. Mkisema Finland ni matajiri, haya Houston, Texas, si mji wa kudekeza mtu, na kwa njia hiyohiyo tangu 2011 wamepunguza watu hao kwa zaidi ya nusu.

Wewe na mimi hatujengi nyumba, sawa. Lakini ukiwa huku beba soksi mpya kwenye gari, zinahitajika kuliko nguo za zamani unazotaka kuzitoa kabatini. Jifunze kutumia Narcan, ile dawa ya kumpulizia puani mtu aliyezidisha dawa za kulevya za jamii ya heroini, inauzwa bila cheti cha daktari. Ukitaka kutoa hela toa, usimhoji atanunua nini. Msalimie, muulize jina. Na kama hajavunja kitu wala kutishia mtu, usimwitie polisi, piga simu kwa watu wa huduma za mitaani wa mji huo.

Na sasa lile nililoanza nalo, la watu wa kwetu wanaokwama huku. Kuna kaka mmoja, sitasema wa wapi, alilala kwenye gari lake kipindi kirefu hapa, anaegesha pakingi ya duka lisilofungwa usiku, anaoga jim ya kulipia kwa mwezi, asubuhi anaingia kazini amenyooka. Kila Jumapili alimpigia mama yake kwa vidio huku ameshika simu karibu kabisa na uso ili kiti cha gari kisionekane nyuma. Na hela nyumbani alituma! Hakuna aliyejua, maana angemwambia nani, huku ukikwama unaambiwa umechezea bahati.

Grupu letu la WhatsApp mtu akifariki tunachanga maelfu ya dola ndani ya siku tatu mwili usafirishwe, jambo jema na liendelee. Lakini dipoziti ya chumba haifiki nusu ya gharama ile. Ninachoomba ni viongozi wa jumuiya zetu watenge mfuko mwingine, kila mwanachama atoe kidogo kila mwezi, wasimamie watu wawili tu wanaojua kunyamaza, mwenye shida aombe faragha bila jina lake kupostiwa, na hela iende moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Nimeshalipeleka kwetu kikao kilichopita na wengine wameanza kuniuliza itakuwa shilingi ngapi kwa kichwa. Walioko miji mingine mkianza niambieni mmepangaje, hasa hilo la usiri, maana ndilo gumu.