Sintetiki Inasingiziwa

Kijiweni kwetu ukisema umeweka oili ya sintetiki, ile inayoundwa kiwandani kwa kemikali, kwenye pikipiki yenye miaka minane, unapewa pole papo hapo. "Itakula sili hiyo!" Yaani ule mpira wa duara unaozuia oili kuvuja. Na mimi niliamini, maana wiki mbili baada ya kuiweka, pikipiki yangu ya cc 125 ilianza kuacha madoa sakafuni, upande wa sproketi ndogo, ile gia inayozungusha cheni.

Fundi akafungua kifuniko, akakwangua tope lililoshikana na grisi ya cheni, akaing'oa sili kwa bisibisi, akanipa. Ngumu kama ukucha. Nilipoikunja ikakatika. Mpira haukauki namna ile kwa wiki mbili.

Uvumi wenyewe una asili yake. Oili ya kawaida huingia kwenye mpira na kuuvimbisha kidogo. Sintetiki za zamani hazikuwa na tabia hiyo, mpira ukawa unasinyaa na oili inapita. Watengenezaji wakaongeza viungo vya kurekebisha hali hiyo, siku nyingi sasa. Kinachotokea kwenye vyombo vyetu ni kwamba oili mpya yenye nguvu ya kusafisha huondoa masizi yaliyokuwa yameziba nyufa. Sili ilishakufa zamani, uchafu ndio ulikuwa unaishikia zamu.

Mimi nahofia zaidi wepesi wa oili. Kitabu cha pikipiki yangu kinataka 20W-50, na ile 50 ndiyo uzito wake injini ikiwa ya moto. Ukimimina 5W-30 ya gari kwa kuwa umeipata kwa bei ya kutupa, itapenya haraka zaidi penye sili iliyochoka. Tena oili nyingi za gari za uzito huo zina viungo vya kupunguza msuguano, wakati klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili hiyohiyo: ukipanda mlima na abiria, klachi inateleza, injini inalia, tairi haisogei. Geuza kopo utafute JASO MA au MA2, alama za oili inayofaa klachi ya namna hiyo.

Zile dawa za chupa za kuzuia kuvuja sizitaki. Zinavimbisha mpira, lakini mpira uliokatika hauungi. Na kama paipu ya kupumulia ya injini imezibwa na tope, presha itasukuma oili kwenye sili hata ukiweka mpya kila mwezi.

Fundi alipitisha ukucha kwenye shafti ya sproketi, hakukuta mfereji wa kulika ambao ungepitisha oili, akapachika sili mpya. Oili sikubadilisha. Sakafu kavu mpaka leo, na kijiweni bado wananipa pole.