Homa ya ini C: mchanganyiko mmoja kwa wote, na kikwazo cha tawi la 4r

Hakuna tena anayebisha kwamba homa ya ini C sugu inatibika ikaisha. Kinachobishaniwa, hasa katika nchi za Maziwa Makuu, ni kama kila mgonjwa apewe mchanganyiko uleule wa vidonge, au kwanza ijulikane amebeba tawi gani la kirusi. Kila upande una hoja nzito, na kosa la upande wowote hulipwa na ini la mgonjwa.

Kirusi hiki hujinakili kwa kasi na kwa makosa mengi. Ukikishambulia kwa dawa moja, nakala chache zilizobadilika hunusurika na kuzaliana. Ndiyo sababu dawa hutolewa mbili au tatu kwa pamoja, kila moja ikiwa na shabaha yake. Zenye majina yanayoishia na "-previri" huzuia kimeng'enya cha NS3, kinachokata protini ndefu ya kirusi vipande vipande. Zinazoishia na "-asviri" huvuruga protini ya NS5A, na zile za "-buviri" huzuia NS5B, mashine yenyewe ya kunakili. Sofosbuviri, miligramu 400 kwa siku, ndiyo nguzo ya michanganyiko mingi; hufuatana na daklatasviri miligramu 60 au velpatasviri miligramu 100. Kwa mgonjwa ambaye ini lake halijaingia kwenye sirosisi, yaani kujaa makovu, dozi ni kidonge mara moja kwa siku kwa wiki 12. Waliotibiwa enzi za sindano za interferoni, kila wiki kwa karibu mwaka mzima, pamoja na homa, sonona na upungufu wa damu uliosababishwa na ribavirini, wanajua tofauti hiyo ina maana gani.

Wanaotetea mchanganyiko mmoja huanza na bei, na wana haki. Sofosbuviri ilipoidhinishwa Marekani Desemba 2013, dozi ya wiki 12 iliuzwa dola 84,000. Kufikia 2023, sofosbuviri na daklatasviri zisizo na chapa ya mwenye hataza zilikuwa zikipatikana kwa karibu dola 60 kwa nchi zinazonunua kupitia mikataba ya pamoja. Bei ikishuka hivyo, kipimo cha kutambua tawi la kirusi huweza kugharimu kuliko tiba yenyewe. Tena kila hatua inayoongezwa kabla ya tiba hupoteza wagonjwa njiani: huyu hana nauli ya kurudi, yule simu yake haipatikani, mwingine jibu lake limepotea. Shirika la Afya Duniani lilikubali hoja hiyo mwaka 2018 liliposhauri watu wazima watibiwe kwa dawa zinazofanya kazi kwenye aina zote kuu za kirusi, bila kusubiri kipimo cha jenotaipu, yaani cha kutambua aina.

Mfano unaotajwa daima ni Misri. Kampeni za sindano dhidi ya kichocho, kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, zilisambaza kirusi hiki kwa sindano zilizorudiwa bila kuchemshwa ipasavyo. Kati ya 2018 na 2019 nchi hiyo ilipima karibu watu wazima milioni 50, ikawatibu waliokutwa na virusi kwa vidonge vilivyotengenezwa hukohuko. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua kuwa imo njiani kuutokomeza ugonjwa.

Hapa ndipo wengi wanaposahau jambo moja. Virusi vya Misri kwa sehemu kubwa ni vya tawi la 4a, moja ya matawi ya aina ya 4, na 4a husalimu amri kwa dawa hizi. Rwanda, Burundi, Uganda na mashariki ya Kongo nako aina ya 4 ndiyo imetawala, lakini matawi ni mengi na mengine: 4k, 4q, 4r, 4v. Anayesema "aina ya 4 inatibika vizuri, tazameni Misri" anafanya kosa la kufananisha majina. Pwani hali ni nyingine tena. Miongoni mwa wanaojidunga dawa za kulevya Dar es Salaam na Mombasa, wanaoonekana zaidi ni 1a na 4a, kwa hiyo huko mfano wa Misri unakaa vizuri zaidi kuliko Kigali.

Na ni Kigali palipotoka ushahidi. Utafiti uitwao SHARED uliwatibu wagonjwa 300 kwa sofosbuviri na ledipasviri kwa wiki 12, na 261 wakapona, yaani asilimia 87. Ukiishia hapo utapiga makofi. Lakini wagonjwa 48 walikuwa na 4r, na kati yao waliopona ni 27 tu. Piga hesabu: walioshindwa ni 39 kwa jumla, na 21 kati yao walikuwa wa 4r. Kundi lisilofika hata moja ya tano ya wagonjwa lilibeba zaidi ya nusu ya kushindwa kote. Sababu ni kwamba 4r huzaliwa na mabadiliko kwenye NS5A, hasa nafasi za 28 na 30, palepale dawa za "-asviri" zinaposhika. Mgonjwa anaweza kumeza vidonge vyote 84 kwa uaminifu na bado akashindwa, kisha mhudumu akamlaumu kwa kuruka dozi.

Basi tupime tawi kwanza? Chama cha Ulaya cha wataalamu wa ini, katika mwongozo wake wa 2020, kinaelekeza hivyo kwa wahamiaji kutoka maeneo yenye matawi haya. Anayekutwa na 4r huanzishiwa dawa tatu: sofosbuviri, velpatasviri na voksilapreviri. Kwa Mkongomani anayetibiwa Brussels, ni sawa kabisa. Kwa kituo cha afya cha wilayani kwetu, tatizo ni kwamba vipimo vingi vya jenotaipu vitasema "aina ya 4" na kunyamaza. Kujua kama ni 4r au 4k kunahitaji kusoma mfuatano wa vinasaba vya kirusi, kazi ya maabara chache mno.

Kwa maoni yetu, fedha kidogo iliyopo isiende kwenye kupima tawi kabla ya tiba. Iende kwenye kipimo cha baada ya tiba, na kwenye akiba ya dawa za awamu ya pili. Ndiyo kusema wapo wa 4r watakaopoteza wiki 12 na kubaki na kirusi kilichozidi kuwa sugu. Hasara hiyo hatuifichi. Lakini inarekebishika. Utafiti wa SHARED-3, hukohuko Rwanda, uliwapa dawa tatu watu 40 walioshindwa awali, na 39 wakapona. Kisichorekebishika ni mtu anayedhani amepona, anarudi nyumbani, na miaka kadhaa baadaye analetwa tumbo limejaa maji.

Hapo tunatofautiana na programu zinazohesabu makopo ya dawa yaliyogawiwa na kuita idadi hiyo "waliopona". Kipimo cha haraka cha kingamwili hakifai kuthibitisha kupona, kwa kuwa kingamwili hubaki maisha yote. Kinachotakiwa ni kipimo cha virusi vyenyewe, wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho. Mashine za GeneXpert zilizopo kwenye maabara za kifua kikuu huweza kukifanya; hukosekana katriji, yaani vikasha vya kupimia. Aliyeshindwa asirudishiwe mchanganyiko uleule, maana usugu wa NS5A hudumu miaka.

Kabla ya kulaumu 4r, lakini, tazama mambo ya kawaida zaidi. Rifampisini ya kifua kikuu, karbamazepini na fenitoini za kifafa hushusha dawa hizi kwenye damu; TB itibiwe kwanza. Efavirenzi, dawa ya VVU, hulazimu daklatasviri ipandishwe hadi miligramu 90, na haiendi na velpatasviri; dolutegraviri, nayo ya VVU, haina shida hiyo. Omeprazoli, dawa ya asidi ya tumbo, hupunguza ufyonzwaji wa velpatasviri, na watu huinunua dukani bila kumwambia daktari, kama wanavyonunua chupa za "kusafisha ini". Amiodaroni, dawa ya moyo, pamoja na sofosbuviri huweza kuangusha mapigo ya moyo ghafla. Homa ya ini B ipimwe kabla ya kuanza, kwani ikiwepo huweza kuamka C inapozimwa. Mwenye sirosisi hupewa sofosbuviri na daklatasviri kwa wiki 24, na ini likishashindwa kazi, dawa zote za "-previri" ni mwiko. Hiyo ina maana mgonjwa wa 4r anayegunduliwa amechelewa hana hata hiyo njia ya dawa tatu.

Kwa hiyo tarehe ya kipimo cha mwisho iandikwe kwenye kadi siku ileile ya kopo la kwanza. Anayeanza tarehe 5 Januari 2026 humeza kidonge cha 84 tarehe 29 Machi, na damu yake inatakiwa maabara tarehe 21 Juni. Tarehe 21 ni Jumapili, andika 22.