Hajati, Mishumaa Miwili na Upanga wa Link

Leo asubuhi nimeshindwa kuinua kikombe cha chai kwa mkono wangu wa kulia, na ninapenda ieleweke kwamba sikuwa nimelima, sikubeba mkungu wa matoke, wala sikupigana na kondakta. Nilikuwa nikicheza gemu.

Shemeji yangu aliye kyeyo, yaani kibaruani ughaibuni, huko London ndiye aliyetuletea mashine ya gemu ya Wii, ya mtumba lakini nzima, pamoja na The Legend of Zelda: Skyward Sword iliyotoka mwaka 2011, na akanisisitizia kwa simu kwamba nisife kabla ya kuicheza. Ningemwamini bila shida, ila shemeji ana sebule. Mimi nina muzigo, chumba kimoja cha kupanga, hapa Kibuli, Kampala, kitanda upande huu wa pazia na viti upande ule, na katikati nafasi inayomtosha mtu mmoja aliyesimama kwa utulivu. Gemu hii haina haja na mtu mtulivu. Kwingine unabonyeza kitufe na shujaa anafyeka. Hapa rimoti yenyewe ndiyo upanga, kwa sababu kifaa kiitwacho Wii MotionPlus hupima kila unavyoizungusha, na mkono wako ukienda mshazari, upanga wa Link, shujaa wa gemu, nao unakwenda mshazari. Adui hukinga upande mmoja, nawe ni lazima upige ule aliouacha wazi. Kuna mmea wenye meno ambao mdomo wake ukifunguka kwa kulala unaukata kwa kulala, na ukifunguka kwa kusimama unaukata wima. Nakiri kwamba jambo hilo ni tamu. Mara ya kwanza niliukata mmea nikajiona kijana. Mara ya pili niliukata mmea pamoja na kamba ya chandarua. Jumatatu rimoti iliniponyoka ikaingia kwenye sufuria ya maharagwe, lakini hilo lilikuwa kosa langu, sikuwa nimevaa ule ugwe wa mkononi.

Ya Jumamosi ndiyo yaliyonimaliza. Panya walikuwa wameutafuna waya wa ule upau unaokaa juu ya televisheni. Kazi ya upau ni kutoa mwanga wa infraredi kutoka ncha zake mbili ili rimoti ijue imeelekezwa wapi, na mishumaa miwili huweza kuifanya kazi hiyo hiyo, jambo ambalo sasa nimelihakikisha kwa macho yangu. Nikawasha mmoja kulia na mwingine kushoto mwa televisheni, nikaichagua gemu, ikafunguka. Ukishaingia ndani Skyward Sword inategemea MotionPlus wala haihitaji mishumaa, lakini nilisahau kuizima kwa kuwa nilikuwa nimefika kwa Ghirahim.

Ghirahim ni bwana mwenye nywele nyeupe na maringo ya mtu aliyelipwa mshahara leo. Ukimfyeka ovyo, anaudaka upanga wako kwa vidole. Dawa yake ni hila: unausogeza upanga polepole upande mmoja, mkono wake unaufuata, kisha unampiga ghafla kutoka upande wa pili. Basi nilikuwa kifua wazi kwa sababu ya joto, nimejifunga kikoi, nimefunga mapazia ili jua lisiipige skrini, mkono wangu unaelea kuelekea kushoto, nami ninanong'ona, "Njoo, baba, ufuate, ufuate." Mlango ukafunguka. Alikuwa Hajati, mwenye nyumba, aliyefuata kodi yake.

Mtu mwenye busara angeishusha rimoti. Lakini nilikuwa nimebakiwa na moyo mmoja tu wa uhai, na katika gemu hii upanga hujazwa nguvu kwa kuinuliwa wima juu, kwa hiyo nikainua. Hajati akaitazama mishumaa, akanitazama mimi, akaitazama fimbo nyeupe iliyoelekea mabatini.

"Baba Musa," akasema kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, "ni kwa ajili ya miezi miwili tu?"

"La, Hajati," nikamjibu kwa heshima zote, "ninayetaka kumkata ni mwingine."

Nikageuka nimwonyeshe huyo mwingine, na hapo hapo umeme ukakatika. Mishumaa ikabaki. Nilipogeuka tena, pale mlangoni palikuwa na ndara moja, na jioni shehe akaja kunijulia hali.

Tangu siku hiyo Hajati hajanidai kodi, jambo ambalo kwa haki ni lazima nilihesabu miongoni mwa faida za gemu. Shemeji, nilipomlalamikia, akasema kwamba mwaka 2021 ilitoka Skyward Sword HD ya mashine ya Nintendo Switch, ambayo inakuruhusu kukaa kitini na kufyeka kwa kusukuma kijiti kidogo. Nikamjibu kwamba kama ni kukaa na kusukuma kijiti, basi Ghirahim atakuwa adui kama adui wengine, na sitaki. Inafaa kuchezwa, tena kwa kusimama, ila na mwenye sebule, mwenye kufuli, na mwenye betri. Betri! Rimoti hula mbili kwa wakati mmoja, na ndani ya upanga anakaa roho aitwaye Fi, ambaye hujitokeza kati ya vita kukuarifu kwamba betri zinakaribia kuisha. Nimeishi Kampala miaka yote hii. Kuhusu kitu kinachokaribia kuisha, sihitaji kuambiwa na roho! Nimekwisha kuzitoa za redio, nikazitoa za tochi, nikazitoa za saa ya ukutani ya mke wangu, ambayo tangu Ijumaa inasema saa nne na dakika kumi. Mama Musa anarudi leo kutoka Bombo, saa ngapi sijui.

Zile zilizochoka nimezianika juani, kwenye mkeka wa Hajati wa kuanikia mukene, wale dagaa, kwa kuwa ndio mahali pekee penye jua uani. Link ana ndege wake mkubwa mwekundu anayempanda mawinguni. Mimi nina kaloli, yule korongo mla takataka, amesimama juu ya bati tangu nilipoanza kuandika, anautazama mkeka, na sijajua anachopima ni mukene au ni betri zangu.